Kindle imezeeka, Kobo haifungui vitabu vyangu: je, faili zimeharibika?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa Mombasa. Tangu mwaka 2014 nimekuwa nikinunua vitabu vya kidijitali vya Kindle, kile kisomeo cha Amazon, na sasa vimefika 43. Betri ya Kindle yangu haishiki chaji tena, inawaka ikiwa kwenye waya tu. Dada yangu anayeishi Toronto alipokuja likizo aliniletea Kobo mpya, kisomeo cha kampuni nyingine. Niliunganisha Kindle na kompyuta, nikanakili faili zote nikazitia kwenye Kobo. Nyingi hata hazionekani. Nilipojaribu kuzigeuza kwa programu ya Calibre, nikaambiwa zimefungwa. Isitoshe, riwaya niliyonunua juzi kwenye duka jingine, ambalo liliandika wazi kwamba ni EPUB (aina ya faili ya vitabu vya kidijitali), imeniletea kijifaili kinachoishia na .acsm ambacho hakifunguki. Lakini EPUB niliyopewa na mwalimu mwenzangu inafunguka bila taabu. Je, faili zangu zimeharibika? Naweza kuzigeuza? Nifanyeje nisipate hasara hii tena?

Jibu: Mwalimu, pole sana. Faili zako ni nzima, hakuna hata moja iliyoharibika, na Kobo uliyoletewa haina kasoro. Riwaya ya juzi utaisoma kwenye Kobo hiyo leo usiku ukifuata maelezo yaliyo hapa chini. Vile 43 vya Kindle vina hadithi ndefu zaidi, na kwa vingi vyao sina habari njema.

Kuna mambo mawili hapa ambayo watu huyachanganya, na maduka hayajishughulishi kuwatenganishia. La kwanza ni fomati, yaani namna faili ilivyoandikwa, la pili ni kufuli. Wewe ni mtu wa Mombasa, kwa hiyo fikiria barua za wazee wetu zilizoandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Anayezijua herufi za Kirumi peke yake akiishika barua kama hiyo hawezi kuisoma, lakini akimpata anayezijua hati zote mbili, ataandikiwa upya neno kwa neno na habari haitapotea. Hiyo ndiyo fomati. Sasa chukua barua ileile, itie ndani ya kasha, piga kufuli, na ufunguo ubaki kwa mtu mwingine. Hapo hata bingwa wa hati zote hana la kufanya, kwa kuwa barua yenyewe hajaiona. Hilo ndilo kufuli, ambalo sisi wenye kazi hii tunaliita DRM.

Fomati ni jambo dogo. Amazon iliinunua kampuni ya Kifaransa ya Mobipocket mwaka 2005, na Kindle ya kwanza ilipotoka Novemba 2007 ilitumia fomati iliyotokana na ile ya Mobipocket. Baadaye wakaleta KF8 mwaka 2011, na KFX mwaka 2015. Wengine wote, Kobo, Apple, Google na maduka mengi ya Ulaya, walishika EPUB, iliyopitishwa kuwa kiwango cha pamoja mwaka 2007. EPUB ukiifungua ndani ni kurasa za mtandao zilizofungashwa pamoja kama zipu, hakuna zaidi. Mimi huzitengeneza kila wiki kwa ajili ya wachapishaji, na kutoka fomati moja hadi nyingine ni kazi ya dakika mbili. Calibre, iliyoanzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006 na inayotolewa bure, inaifanya vizuri kabisa.

Kufuli ndilo lililokukwamisha. Kitabu cha Kindle chenye kufuli kimeandikwa kwa mafumbo ya hesabu tangu sentensi ya kwanza hadi ya mwisho, na ufunguo wa kuyafumbua umefungamanishwa na akaunti yako pamoja na namba ya kifaa chenyewe. Ndiyo maana hata Kindle mbili za nyumba moja haziwezi kupeana faili kwa waya. Ukitaka kitabu kwenye Kindle ya pili, lazima ukipakue upya kutoka kwa Amazon ili kiandikwe kwa ufunguo wa kifaa hicho. Kobo ikikutana na faili ya namna hiyo haina ufunguo, wala haiijui fomati yake, basi inaipita kama vile haipo. Calibre imekwenda hatua moja mbele yake: imetambua kwamba kuna kufuli ikasimama hapo, kama ilivyotengenezwa kufanya.

Tuje kwenye riwaya yako, maana hapa una bahati. Kile kijifaili cha .acsm si kitabu. Ni kama stakabadhi unayopewa dukani upeleke ghalani ukachukue mzigo. Ndani yake mna namba ya muamala na anwani ya seva, basi. Ghala lenyewe ni la Adobe, kwa kuwa maduka mengi yanayouza EPUB hukodi kufuli la kampuni hiyo. Nenda kwenye kompyuta, weka programu ya Adobe Digital Editions, ambayo ni ya bure, kisha jiandikishe upate kitambulisho cha Adobe kwa barua pepe yako. Programu itakuuliza kama unataka kuidhinisha kompyuta. Hapo, Mwalimu, kuwa makini sana. Kuna kisanduku kinachokuruhusu kuidhinisha bila kitambulisho, na wengi hukibonyeza kwa sababu wanaona uvivu wa kujiandikisha. Ukikibonyeza, kitabu kitafungiwa kwenye kompyuta hiyo peke yake na hutaweza kukifikisha kwenye Kobo. Idhinisha kwa kitambulisho, kisha unganisha Kobo kwa waya na kuiidhinisha pia kwa kitambulisho hichohicho. Baada ya hapo fungua ile .acsm, kitabu kipakuliwe, ukiburute hadi kwenye Kobo. Kitambulisho kimoja kinaruhusu vifaa sita, na hiyo inamtosha mtu mmoja kwa miaka.

Kama kuna mtu mwingine nyumbani aliyewahi kuifungua .acsm hiyo kwa kitambulisho chake, utapata ujumbe wa kosa wenye maneno yanayoanza na E_LIC_ALREADY_FULFILLED. Maana yake mzigo umeshachukuliwa kwa jina la mwingine. Usihangaike kuweka programu upya, hilo halisaidii. Liandikie duka wakufungulie upya.

Umeniuliza pia, japo si kwa maneno haya, kwa nini EPUB ya mwenzako ifunguke na EPUB ya dukani igome. Kwa sababu EPUB ni hati, na hati ile inaweza kutiwa ndani ya makasha tofauti. Apple inauza EPUB yenye kufuli lake liitwalo FairPlay, na hiyo haisomeki nje ya vifaa vya Apple. Kobo ina kufuli lake kwa vitabu vinavyoshuka moja kwa moja kwenye kifaa, na kufuli la Adobe kwa wanaopakua kupitia kompyuta. Kuna pia kufuli la LCP lililotengenezwa na kikundi cha Readium, jepesi kidogo kwa msomaji kwa kuwa hufunguliwa kwa neno la siri, ila linahitaji programu inayolijua. Nyingi ya hizi jina la faili linaishia na .epub. Herufi hizo nne haziahidi kwamba kitabu kitafunguka popote. Ya mwenzako ilifunguka kwa kuwa haina kufuli.

Kuna njia ya kuchungulia mwenyewe. Nakili faili, badilisha mwisho wa jina la nakala kutoka .epub kuwa .zip, kisha uifungue. Utaona folda inayoitwa META-INF. Ukikuta humo rights.xml, hilo ni kufuli la Adobe. Ukikuta sinf.xml, ni la Apple. Ukikuta license.lcpl, ni LCP. Faili ya encryption.xml ikiwa peke yake isikutishe, mara nyingi ni maumbo ya herufi tu yaliyofumbwa, na kitabu kitasomeka. Nimewafundisha wakutubi kadhaa mbinu hii, na imewaokolea fedha, kwa maana walikuwa wakinunua nakala upya kwa kudhani ya kwanza ni mbovu.

Sasa vile 43. Kwanza, usiondoe Kindle yako ya zamani kwenye akaunti. Ukiiondoa, vitabu ulivyonunua vinafutwa kwenye kifaa. Iache kama ilivyo, na kama fundi wa simu unayemwamini anaweza kuibadilisha betri, hiyo ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote ya kuendelea kusoma kwenye kioo kisichoumiza macho. Pili, weka programu ya Kindle kwenye simu yako, ingia kwa akaunti ileile, na vitabu vyote vitashuka, pamoja na mistari uliyoipigia alama. Najua simu si mahali pazuri pa kusomea kurasa mia tatu, lakini vitabu vyako vipo na ni vyako kuvisoma.

Tatu, pitia orodha yako kimoja kimoja, maana huenda vichache kati yake havina kufuli kabisa. Si Amazon peke yake inayoamua. Mchapishaji anapopeleka kitabu huulizwa kama anataka kukifunga. Kwenye ukurasa wa kitabu tafuta maneno haya ya Kiingereza: "Simultaneous device usage: Unlimited". Ukiyaona, kitabu hakijafungwa. Baadhi ya wachapishaji huandika waziwazi kwenye maelezo kwamba kinauzwa bila DRM. Hivyo utavipitisha kwenye Calibre, viwe EPUB, na Kobo itavipokea. Zamani ungeweza kuvipakua kupitia tovuti hadi kwenye kompyuta, lakini Amazon iliiondoa njia hiyo tarehe 26 Februari 2025, kwa hiyo faili ulizozinakili kutoka kwenye Kindle yako ya zamani ni hazina. Zitunze mahali pawili. Tangu Januari 2026 Amazon imefungua mlango mwingine mdogo: mwandishi anayejichapishia huko akichagua kutofunga kitabu, mnunuzi anaweza kukipakua kama EPUB au PDF. Vitabu vya wachapishaji wakubwa, ambavyo nadhani ndivyo vingi kwenye orodha yako, havimo.

Ama kuhusu kuyavunja makufuli, programu za kufanya hivyo zipo na utaambiwa habari zake na mwanafunzi wako yeyote mjanja. Sitakuelekeza huko. Mkataba wa mwaka 1996 wa WIPO, shirika la kimataifa la haki za ubunifu, uliyataka mataifa yayalinde makufuli haya kwa sheria, Marekani ikatunga yake mwaka 1998, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo inakataza kuyakwepa. Naona vibaya kwamba mtu aliyelipa kwa fedha yake halali anawekwa kapu moja na mwizi, na nimelisema hili mbele ya wachapishaji mara nyingi. Lakini wewe ni mwalimu na mimi namjibu mtu anayesimama mbele ya darasa kila asubuhi.

Kipo kifaa cha kati. Kampuni kama Boox hutengeneza visomeo vyenye kioo cha wino wa kielektroniki vinavyoendeshwa na Android, hivyo unaweza kuweka programu ya Kindle, ya Kobo na ya Google Play zote pamoja. Kila programu inakuja na ufunguo wake, wewe unabeba kifaa kimoja. Bei yake ni kubwa kuliko ya Kobo, na betri haidumu sana kama ya Kindle. Kama dada yako angeniuliza kabla hajanunua, na angejua una vitabu 43 vilivyofungwa kwa Amazon, ningemshauri hicho. Kwa kuwa Kobo umeshaipata, itumie kwa vitabu vya kuanzia sasa.

Naomba nikae kidogo kwenye neno "kununua", kwa sababu ndipo hasara ilipoanzia. Unapobonyeza kitufe cha kununua kitabu chenye kufuli, unachopata ni leseni ya kukisoma kwa masharti ya muuzaji. Julai 2009 Amazon ilivifuta kwa mbali vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu, baada ya kugundua kwamba aliyevipakia hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa na Jeff Bezos, mkuu wa Amazon wakati huo, aliomba radhi, lakini watu waliona kwa macho kwamba mkono wa duka unafika hadi kwenye mto wao wa kulalia. Julai 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Seva za funguo zilipozimwa, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo havikufunguka tena kwa yeyote. Walirudisha fedha, na dola 25 za ziada kwa waliokuwa wameandika maelezo pembeni mwa kurasa. Fikiria mwalimu aliyeandaa masomo yake pembeni mwa kurasa hizo. Sony ilipofunga duka lake la Amerika Kaskazini mwaka 2014, angalau iliwahamishia wateja wake Kobo. Mimi mwenyewe nilipoteza vitabu tisa vya uchapaji nilivyonunua kwenye duka dogo la ng'ambo lililofungwa bila hata barua pepe ya kuaga. Faili ninazo hadi leo. Hazifunguki.

Huko California, tangu 1 Januari 2025, sheria inamtaka muuzaji wa bidhaa za kidijitali amweleze mnunuzi kwamba anapata leseni, si mali. Laiti sheria kama hiyo ingekuwepo kwetu pia.

Na kwa kuwa unafundisha, kuna wanafunzi ambao kufuli linawaumiza kuliko linavyokuumiza wewe. Kindle ya pili ilipotoka Februari 2009 ilikuwa na sauti ya kusoma kitabu. Chama cha waandishi cha Marekani kililalamika, na Amazon ikawapa wachapishaji uwezo wa kuizima sauti hiyo kitabu kwa kitabu. Kwa asiyeona, huko ni kuuziwa kitabu kisha kunyimwa. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017, unaruhusu kutengeneza nakala zinazosomeka kwa wasioona bila kumwomba mwenye haki ruhusa, na unazitaka nchi zihakikishe makufuli hayawanyimi haki hiyo. Ukiwa na mwanafunzi wa namna hiyo, mtafutie EPUB isiyo na kufuli kabla ya kitu kingine chochote. Programu za kusoma kwa sauti huishughulikia vizuri, vizuri hata kuliko PDF iliyopigwa picha.

Ya kununua kuanzia sasa. Kwenye duka la Kobo, shuka hadi chini ya ukurasa wa kitabu, sehemu ya upakuaji. Pameandikwa ama kwamba kina DRM ya Adobe, ama kwamba hakina DRM. Soma mstari huo kabla ya bei. Tor, wachapishaji wa riwaya za kubuni za sayansi na miujiza, waliondoa kufuli kwenye vitabu vyao vyote mwaka 2012 na bado wanauza. Project Gutenberg, iliyoanza mwaka 1971, inatoa bure maelfu ya vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vyote bila kufuli. Kwa watoto wa chini, African Storybook ina hadithi za Kiswahili zenye leseni huria, unazipakua na kuzichapisha darasani bila kuvunja haki ya mtu.

Kwa vitabu vyetu vya Kiswahili, mwandikie mchapishaji umuulize kabla ya kulipa: nitapewa faili yenyewe, au nitasomea ndani ya programu yenu tu? Maswali ya wasomaji ndiyo yanayowabadilisha, nimeliona hilo kazini. Mchapishaji anaogopa kwamba akiuza bila kufuli kitabu kitasambaa kwenye makundi ya WhatsApp, na hofu hiyo siidharau, kwa sababu mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa mauzo madogo na kila nakala ina maana kwake. Ila nakala za wizi nilizowahi kuletewa nizichunguze, karibu zote zilikuwa za kitabu cha karatasi kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, vidole vya mpigaji vikionekana pembeni. Kufuli la EPUB halikuwagusa hao. Ninachowashauri wachapishaji ni alama fiche: kila nakala inawekewa ndani jina la mnunuzi au namba ya muamala wake. Duka la Pottermore lilianza kuuza vitabu vya J. K. Rowling kwa njia hiyo mwaka 2012, na mnunuzi akavisoma kwenye Kindle, Kobo au kifaa kingine alichopenda. Mwenye kitabu hafungiwi, na mwenye kukitawanya anajulikana.

Anza na ile .acsm, Mwalimu, usiiache ikae, maana stakabadhi hizo nyingine huisha muda. Kisha katika orodha ya vile 43 weka tiki kwenye visivyo na kufuli. Ukikwama kwenye kimoja, niandikie jina kamili la faili pamoja na herufi zake za mwisho, na ulichokikuta kwenye ile folda ya META-INF.